Silinda ya Nne

Semboja, uliniletea gari Jumatatu ya mvua
ukasema, "Fundi, niongezee nguvu,"
kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Nikakuuliza: nguvu za kwendea wapi?
Ukatazama viatu vyako. Baadaye sana,
chai ya pili, ndipo ukatoboa:
Noah moja iliyojaa machungwa ya Muheza
ilikupita kwenye mwinuko wa Mkanyageni,
na dereva wake alikuwa anakula, mkono mmoja.

Hapa Barabara ya Kumi na Nane
aibu ya namna hiyo tunaijua. Ina bei yake,
nami bei nikaiandika nyuma ya boksi la plagi:
chujio la hewa, ekzosi ya inchi tatu,
intakula pana kama mswala,
noza nne, pampu ya mafuta.
Chini kabisa nikaongeza: pistoni za kufua.
Hiyo ukaifuta kwa kidole chenye oili.

Nilikwambia, wallahi nilikwambia:
turbo ni kinu kinachosukumwa na moshi
ambao injini imekwisha kuutema,
nacho hukirudishia pumzi kifua kilekile.
Ukizidisha pumzi, zidisha na chakula.
Ukizidisha chakula, joto nalo linapanda,
na joto likipanda mtazame mtoto wa mwisho:
silinda ya nne, kitindamimba,
anayefikiwa na maji wenzake wameshaoga.
Nyumba ikiungua, huanzia chumbani kwake.

Ukacheka. "Fundi, leo Ijumaa?"

Akaja Nurdini wa kompyuta, na mkoba wake,
chai hataki, kiti hataki.
Akachomeka waya chini ya usukani, akabofya, akabofya.
Sindano ya presha iliyozoea kugota nukta tisa
ikafundishwa njia ya moja na nusu.

Saa sita usiku tukatoka Kange kwenda Pongwe.
Na hapa lawama sikuachii peke yako:
mimi ndiye niliyeshika usukani.
Gia ya tatu. Kimya kidogo,
kile kimya cha mtu anayetaka kupiga chafya,
halafu mgongo wangu ukabandikwa kitini
na mkonge wote wa kando ukawa ukuta mmoja.
Nikapiga kelele. Umri huu, miwani hii,
kelele za mtoto kwenye pembea.
Ningeweza kusema "punguza."
Nilisema "tena."

Wiki ya sita mkakutana, Mkanyageni ileile.
Wanasema ulimpita hata hakujua ni gari gani,
waja leo, waondoka leo,
mpaka juu ya mwinuko. Pale juu, mlio:
kijiko ndani ya bilauri.
Kisha moshi wa buluu. Kisha majani ya kando.

Naye, mwana wa watu, akasimama.
Akafungua kamba iliyoshika magunia,
akakuvuta polepole hadi mlangoni pangu,
na Subaru yako ikaingia gereji
inanuka oili na maganda ya machungwa.
Hakukusema. Alikuachia sita kwenye kiti cha nyuma,
moja limeshamenywa.

Leo nimefungua. Ni yuleyule kitindamimba.
Pistoni imebanduka ukingo, pale zinapokaa pete,
kipande hakizidi ukucha.
Zile tatu nyingine nzima, zinang'aa,
kama ndugu wasiojua msiba ulitokea chumba gani.

Unaigeuza kiganjani, Semboja, unaigeuza,
kisha unauliza, kwa sauti ya mtu aliye msikitini,
"Hizo za kufua zinauzwaje?"

Natafuta lile boksi la plagi. Nakutajia bei.
Sikutazami usoni,
maana chini ya meza mguu wangu wa kulia
umeshaanza kukanyaga mafuta.